Tambi za Jumatano

Shee hali kitu chenye macho.
Dadake hali kitu cha kijani,
na giligilani anaitambua hata gizani.

Dakika ishirini kabla ya isha.
Tewa nimemchemsha, nimemtoa miba
kwa vidole, mmoja mmoja,
hadi kucha zikanuka bahari.
Tui zito, kitunguu thomu, ndimu nusu;
tambi zikalainika, nikavuruga,
samaki akapotea kama deni la jamaa.

"Nini hiki cheupe?"
"Tui."
Sikusema uongo. Sikuimaliza kweli.

Wakala. Shee akaramba sahani,
akaomba ukoko wa sufuria.

Ndipo paka wa Langoni akaruka dirishani,
akaketi mbele yake,
akamkodolea mdomo.

"Mama, huyu anataka nini kwangu?"