Muhtasari wa Kikao, Kata ya Igogo

Niliandika saa: nne na dakika ishirini.
Niliandika mahudhurio: sitini na wawili,
watoto waliopanda juu ya mawe kuchungulia sikuwahesabu.
Niliandika ajenda: tozo ya mabondo ya sangara,
asilimia mbili, kwa wafanyabiashara wakubwa tu,
ili zahanati ipate dawa za presha
na mkunga wa kukesha.
Hapo peni ikakwama. Nikailamba ncha.

Bwana Nkwabi alisimama, akafunga kifungo cha koti.
Akauliza darasa la tatu ni nani aliyeliezeka.
Akavitaja visima viwili. Akalitaja jeneza la mwalimu.
Akasema mtaji ni kama furu,
ukiyatikisa maji umekwenda,
na Kisumu si mbali, na Entebe wanampigia simu.
Watu wakapiga makofi. Nikaandika: makofi.
Ni haki yake. Darasa halivuji.

Magesa, fundi wa nyavu, hakusubiri kupewa nafasi.
"Mtaji ungekuwa furu, tungekwisha kuukaanga!
Furu aliliwa na sangara,
na furu alipoadimika, sangara akageukia wanawe.
Muulizeni anayempasua tumbo anakuta nini."
Kicheko. Mwenyekiti aligonga meza
kwa kifuniko cha chupa ya chai.

Nami nikainamia karatasi kuliko ilivyohitajika.
Kwa maana Jumamosi, kazi ya kata ikilala,
mimi ndiye ninayempimia Nkwabi.
Bondo likikauka huwa jepesi,
kama kiganja cha mtoto aliyelala,
na makubwa manne matano
yanaumaliza mshahara wangu, chenji inabaki.
Kuna daftari la bluu, na kuna daftari jingine.
La bluu ndilo linalokwenda kukadiriwa kodi.

Kisha akaja mbele Nyanzobe,
muuza dagaa wa Mwaloni, kandambili mkononi.
Hakuwa na karatasi ya hotuba.
Alikuwa na spoki ya baiskeli
iliyotungwa risiti kama mishikaki,
ushuru wa meza, mia tano, mia tano, mia tano,
za chini zimefutika wino, nyeupe pe,
kama vile hakuwahi kulipa.

"Nkwabi," alisema, "darasa nilikushukuru.
Siku ya kulifungua nilipika mimi, ulikula.
Kisimani nilikushukuru. Msibani nilikushukuru.
Magoti haya, baba, yamechakaa kwa kushukuru.
Mia tano yangu hakuna aliyenishukuru hata siku moja,
wala sikudai.
Nilidhani ndivyo kinavyokuwa
kitu kikiwa chetu.
Sitaki koti lako.
Nataka niingie zahanati, nifungwe ule mpira mkononi,
nisikumbuke jina la mtu."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mtoto mmoja alidondosha kokoto kutoka juu ya jiwe,
likagonga bati, tukashtuka wote.
Nkwabi alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

Ikaamuliwa: suala liahirishwe,
wataalamu watafute takwimu.
Kuhusu Nyanzobe niliandika mstari mmoja:
*Mjumbe (mwanamke) alitoa maoni.*
Ndivyo nilivyofundishwa, ufupi, bila hisia.
Mwenyekiti akasaini pasipo kusoma.

Spoki aliiacha mezani.
Amesahau, au hakusahau, sijui.
Niliichukua nisije nikaambiwa nimepoteza mali ya mtu,
sasa imeegemea dirisha langu la Bugarika,
na upepo wa ziwa ukipanda kilimani usiku
zile risiti hunong'ona,
zenye wino na zisizo na wino, sauti ni moja.

Simu imeingia sasa hivi.
"Jumamosi uwahi, kijana wangu. Kuna mzigo wa Ukara."
Nimejibu: Sawa, bosi.
Mzani nitauweka sifuri, kama kawaida.
Mabondo yatapanda, mshale utatetemeka, utatulia.
Kilo nitaziona kwa macho yangu.
Nitaziandika wapi,
hilo halimo kwenye muhtasari.