Hesabu ya Sufu, Naryn

Nimeanza na mshumaa.
Nimeupitisha kando ya madirisha, taratibu,
na kila ulipoinama nimetia alama ya chaki.
Alama kumi na saba.
Nyumba hii inalala mdomo wazi.

Kisha darini, na futi ya fundi,
tochi menoni, magoti juu ya boriti.
Mita nane kwa sita: arobaini na nane.
Unene, sentimita ishirini. Chini ya hapo
ni kumfunika ngamia kwa leso.
Joto halina adabu ya kuaga;
Januari hupita juu ya vichwa vyetu
likayeyushe theluji ya paa, na huku jikoni
ndoo imeshika utando wa barafu.

Shemeji Zamirbek hesabu yake fupi:
"Tani nne za makaa ya mawe, kama mwaka jana."
Mwaka jana tulichoma tani nne
pamoja na farasi tuliyemuuza kuzinunua.

Nikageuza bahasha ya bili, nikaandika mgongoni mwake:
mita moja ya ujazo hula kilo ishirini za sufu.
Dari nzima, kilo mia moja tisini na mbili.
Kondoo mmoja, kilo mbili, ikishaoshwa.
Kondoo tisini na sita.
Tunao thelathini na mmoja,
na mmoja ana ukurutu, nimemhesabu kwa huruma.

Ajikunaye hujikuna ajipatapo.
Nikauliza lile ambalo futi hailipimi:
nani anasikia baridi zaidi, na wapi?
Ermek akasema, miguuni, mezani.
Watoto hawakujibu, walikuwa nje bila kofia.
Mama mkwe, Burulcha, alinitazama
kana kwamba nimemuuliza umri.
Baadaye, akiosha vikombe:
"Bega hili. Tangu Toktosun aondoke
upande wa ukutani hauna mtu."

Chumba chake, mita nne kwa nne.
Kilo sitini na mbili zinafunika kumi na tano na nusu.
Nimerudia mara tatu.
Nusu mita inabaki wazi, pembeni,
juu ya mto wake.

Siku mbili mtoni tukiosha, vidole vikafa ganzi.
Tukatia dawa ya nondo, tukachambua,
tukatandika bila kukanyaga,
maana sufu iliyobanwa husahau kazi yake:
kinachozuia baridi ni hewa,
sufu ni bawabu tu.

Jioni Burulcha akapanda ngazi,
miaka sabini na tisa, hakumwambia mtu,
koti la Toktosun begani,
la ngozi ya kondoo, kola imelika.
Akalitandaza penye pengo,
mikono yake wazi, mmoja ukielekea ukuta.

Nililipima kwa jicho. Sentimita nne,
si ishirini.
Bahasha ilikuwa mfukoni, na kalamu pia.
Sikuandika.