Ghala Namba Tatu

Wamerudi.
Gari jipya, muhuri ule ule.
Nimewatambua kwa namna wanavyofunga vioo
vumbi la Kaliua lisije likawagusa mapema.

Mwaka juzi walihesabu marobota ya tumbaku
wakiwa kivulini mwa ofisi, soda mkononi,
wakaandika mia nne na kumi.
Mimi ni karani wa mizani: yalikuwa tisini,
na kumi kati ya hayo yameota ukungu.
Wakatoa hati safi.
Safi, kama sahani isiyowahi kupakuliwa.

Baadaye ikasemwa redioni
kwamba kazi ile ilikuwa ya hovyo,
kwamba kampuni imepewa onyo kali.
Mama Msonzela, anayedai malipo ya misimu miwili,
akazima redio: "Onyo halijazi gunia."

Kumbe onyo lenyewe ni mbolea.
Serikali ikatangaza zabuni, ikafungua bahasha,
jina likatoka lile lile:
"wana uzoefu na wilaya hii."
Uzoefu wanao, sibishi.
Hata fisi ana uzoefu na zizi.

Leo wameniomba chai, na orodha.
Ghala namba moja: lipo. Tiki.
Namba mbili: lipo, paa halipo. Tiki.
Namba tatu
Bwana Rweyongeza akafunika kalamu yake.
"Hilo tulishaliona juzi."
Ndipo yule binti, mwanagenzi wao, Kalunde,
daftari jipya, viatu vya kuazima,
akauliza, "Ni mbali?"

Si mbali. Ni nyuma ya reli.
Tukaenda wawili tu.
Nikamwonyesha: hapa mlango, hapa ukuta,
hapa milioni mia mbili themanini.
Kichuguu kimoja. Nyasi.
Akapima kwa hatua, arobaini kwenda,
ishirini na mbili kukata kona,
midomo ikihesabu bila sauti.

Sijui ataandika nini.
Njia ya Tabora ni ndefu, na mkubwa wake hukaa mbele.
Ila alipopanda gari niliitazama suruali yake:
kuanzia goti hadi kisigino, kishona nguo,
mbegu nyeusi, mamia, zimeng'ang'ania.
Ya bosi ilikuwa bado na mkunjo wa pasi.

Mbegu zile hazitoki kwa kupangusa.
Usiku itabidi akae chini
azing'oe moja
moja,
ahesabu.