Kilo Thelathini na Moja

Unga huu hauna harufu. Nimeunusa
saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka zamu ya usiku,
theluji ya Lowell bado imegandia kiatuni
na mto Merrimack umenyamaza chini ya barafu yake.

Pakiti moja kwenye mtindi. Koroga.
Hauyeyuki wote; chembe zinabaki
kama mchanga kwenye mchicha ulioshwa haraka.
"Si lazima uyeyuke," alisema Bi Sreymom wa duka la dawa,
"ila usiutie kwenye chai ya moto."
Nami nilikuwa nimeshautia. Kwetu nini kisichotiwa chai?

Taaka anakula, ananitazama kwa jicho moja.
Damu yake ina mundu.
Kule Busia mundu tulikatia nyasi za ng'ombe,
tukauchomeka kwenye paa, tukalala.
Huu haulali. Huvuna magoti, huvuna mgongo,
ulivuna siku ya kwanza ya shule.

Shemeji Makokha alileta kopo kubwa kama ndoo,
limechorwa msuli, bei nusu.
"Glutamini ni glutamini," akasema. "Mnaibiwa."
Usiku ule nilipiga hesabu ya kodi nyuma ya bahasha,
nikalifungua. Kijiko chake
kilikuwa kipana kuliko mdomo wa mtoto.
Nikalibeba hadi kwa Bi Sreymom.
Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo mpaka chini,
kisha akauliza ambayo kopo halikuuliza:
Figo zake zikoje? Ini? Choo anapata?
Maji anakunywa? Na vile vidonge vyake, hajaviacha?
"Humu mmechanganywa na vingine," akasema,
"na kipimo ni cha mtu mzima anayebeba vyuma."
Makokha sasa analitumia mwenyewe. Tumbo linamwuma, hasemi.

Hauponyi. Waliniambia hivyo mara tatu,
na mara ya nne kwa mchoro.
Mwaka juzi tulilazwa mara tano. Mwaka jana, tatu.
Hizo mbili ambazo hazikuja
sijui nizishukuru wapi.

Leo muuguzi alimpandisha kwenye mizani,
akaguna, akamshusha, akampandisha tena.
Thelathini na moja.
Daktari akafuta moja, akaandika mbili:
pakiti mbili asubuhi, mbili jioni.
Dawa imeongezwa, na mimi nacheka kama mwehu
kwa kuwa mwanangu ni mzito.

"Baba," anasema garini, "mchanga umekuwa mara mbili."
"Ndiyo."
"Basi na mtindi. Ule wa stroberi."