Malori ya Mersin

Ghorofa ya tisa, Eskişehir. Nje theluji
imezishika reli za tramu. Ndani, mezani,
mkakati wa miaka mitano, jalada la bluu,
saini saba, kila moja na wino wake.

Sisi ndio kampuni mama.
Mama gani huyu
asiyejua wanawe wamelalia nini?

Tanzu zetu: vigae Kütahya,
biskuti Karaman,
malori Mersin, thelathini na manane, mawili mabovu.
Kila utanzu na meneja wake, na lengo lake,
na bonasi yake ya Desemba.

Jumanne Karaman walizima tanuri.
Unga haukufika. Simu nikapokea mimi,
Nermin wa ofisi ya mikakati, mtu wa majedwali,
na Vedat hakunipa hata salamu:
"Malori yetu. Unga wetu. Mbona tuna njaa?"

Nikampigia Şükran, Mersin. Hakuficha.
"Wenye machungwa wanalipa zaidi.
Mliniambia nipandishe faida asilimia kumi na moja.
Nimepandisha kumi na mbili."

Nikalifungua jalada.
Ukurasa wa thelathini na moja: mshikamano wa kundi.
Nikageuza. Thelathini na mbili: lengo la Mersin,
na pambizoni mwandiko wangu, umekolea: lisipungue.
Karatasi moja, pande mbili,
hazijawahi kuonana uso kwa uso.

Bwana Feridun alitaka semina, siku mbili, hotelini,
na jalada jipya, safari hii la kijani.
Nikamsogezea mstari mmoja tu:
bonasi ya Mersin ihesabiwe
kwa saa ambazo tanuri la Karaman limewaka.

Akausoma mara tatu. "Na Kütahya wakisikia?"
"Watataka wao pia waguswe."
"Na Şükran?"
"Atakasirika. Kisha atapiga simu Karaman.
Hajawahi, bwana. Miaka sita, hajawahi."

Hakusaini. Aliagiza chai,
akaitazama mpaka ikapoa.

Ijumaa dereva wa Mersin akapanda ngazi
na boksi la biskuti, nusu zimevunjika.
Nani alimtuma kupitia Karaman, sikuuliza.
Juu ya boksi, kalamu nene ya Vedat:
*Jana tanuri liliwaka saa kumi na nne.*

Kumi na nne si ishirini na nne.
Nikala kipande, nikapangusa vidole,
nikaiandika kwenye jedwali,
safu ya Mersin.