Rudia

Tulianza sita, chumba cha juu ya duka la vipuri, Makupa,
feni ikizunguka mara tatu, inakata tamaa.
Kavindu hupima moshi wa kiwanda cha saruji.
Hirji huhesabu umeme unaovuja bandarini usiku.
Shekuwe anaijua taka ya Kongowea kwa harufu:
hii ya jana, hii ya juzi, hii imefichwa.
Mimi nilikuwa na kalamu.

Kilichotukusanya ni theluji.
Naam, theluji. Ripoti ya karakana ya mafuta, Changamwe,
imefungwa utepe wa kijani,
na ukurasa wa kumi na tisa unasema:
*theluji itakapoyeyuka, maji machafu yaelekezwe mtoni.*
Aliyetia saini alilipwa. Garini hakushuka.
Na watoto wa nyuma ya ukuta
waliendelea kuuruka mtaro ule wakienda chuoni,
na kila juma mmoja hakufika ng'ambo mkavu.

Tukasema: kinyozi ana leseni ukutani,
anayekata nywele, ambazo huota tena.
Anayeapa kuwa maji haya ni salama
mbona hana wa kumuuliza?

Miezi minane tuliandika kanuni.
Tulinuniana kwa ajili ya nukta.
Neno *endelevu* tulibishania mpaka mahamri yakapoa.
Shekuwe akasema: "Ni kazi ambayo mjukuu hatakulaani nayo."
Nikaandika.
Hirji akafuta: haipimiki.
Nikaandika tena, kwa penseli.

Siku ya maombi akaja Nyevu Dzombo kutoka Jomvu,
daftari la shule mkononi, limevimba kwa chumvi:
tarehe, miche, iliyoshika, iliyokufa.
Elimu? fomu inauliza.
"Matope," akasema. "Miaka ishirini na sita."

Wako waliocheka.
Nami nikasimama, nikatengeneza kola:
"Tukilegeza kamba leo, kesho theluji itarudi."
Sentensi nzuri. Ilipigiwa makofi.
Kavindu hakupiga.
"Yule wa theluji," akauliza, "alikosa karatasi gani?"

Feni ikazunguka mara tatu.

Ndipo ikaongezwa sehemu ya pili, ya vitendo,
na kifungu ambacho sikukipigia kura:
waliotunga mtihani wautangulie.

Jomvu, maji yametoka.
Nyevu akanipa miche thelathini, akakaa juu ya ndoo.
Nikavuta uzi. Nikapanda safu tatu,
zimenyooka kama mistari ya daftari,
nikarudi nyuma kuzitazama, kiatu kimoja kikabaki chini.
Akapita akiinama. Akang'oa mmoja, akaunusa.
"Huu mkandaa. Umeuweka mahali pa mlilana.
Bamvua likija, utautafuta Likoni."

Kisha akaomba fomu. Fomu yangu,
niliyoipanga mwenyewe, visanduku na yote.
"Neno la kufeli mumeandikaje?"
Hatukuandika kufeli, nikamweleza; nililiona linaumiza.
Tumeandika *rudia*.
"Rudia," akalionja, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi,
akaliandika taratibu, herufi moja moja,
na dole lake likabaki pembeni, la tope,
zito kuliko mhuri wetu tuliouagiza kwa bei.

Cheti namba moja kiko kwake, kando ya picha ya harusi,
kimeanza kujikunja kwa unyevu.
Sisi tumeshakuwa arubaini na wawili.
Wanatupigia simu watu wa viwanda, wengine kwa hasira,
na hiyo nayo ni dalili.

Mimi Jumamosi nashuka Jomvu, viatu mkononi.
Mwezi uliopita tulihesabu: katika thelathini
imesimama kumi na mmoja.
"Kumi na mmoja," akasema Nyevu,
akarudia kuhesabu toka mwanzo,
polepole,
kana kwamba nilimficha mmoja.