Chachu Hailali

Siku sita nahesabu mifuko ya saruji ya watu wengine.
Vumbi lake naliosha kwa maji matatu,
bado nikikohoa, nakohoa ukuta.
Lakini Jumamosi, Mwamba wa Tororo ukishavua kofia ya ukungu,
nafungua banda la nyuma
na hakuna anayenidai hesabu.

Humo mna kiti kilichokosa mguu tangu mvua za mwaka juzi.
Mna redio ya marehemu shemeji, tumbo wazi,
inashika kituo kimoja tu, nacho ni cha kunguruma.
Mna baiskeli ya Oketcho, aliyoniachia niitazame,
nami nimeitazama; huu mwezi wa nane.
Na pembeni, juu ya matofali mawili,
ndoo ya rangi ya lita ishirini, imefunikwa shuka la mtoto,
inaongea peke yake.

Blup, inasema. Kisha kimya, mtu aliyejishtukia.
Blup.

Shayiri ilishuka kutoka Kapchorwa kwa pikipiki.
Nikailoweka, nikaitandaza guniani hadi ikaota videvu,
nikaikausha juu ya bati, nikagombana na kuku.
Hopsi zilikuja ndani ya bahasha, za rafiki wa Kampala
ambaye huzipa chupa zake majina kama anabatiza.
Pasheni nilizidisha mwenyewe. Nani angenizuia?

Ile ya kwanza niliifunga kabla haijamaliza maneno yake.
Saa nane za usiku chupa zikaanza: pa! papa! pa!
Jirani yangu mzee Obbo, aliyeiona miaka ile mibaya kwa macho,
akalala uvunguni hadi alfajiri.
Nilimpelekea sukari kilo mbili na uso wangu wote.
Alicheka, baadaye. Si siku ile.

Shangazi Nyafwono anapika kongo tangu sijajua kutambaa,
kongo ya wimbi, ya chungu kimoja na mirija mingi,
maji ya moto yakiongezwa, habari za mtaa zikizunguka,
nani kaoa, nani kauza ng'ombe asiye wake.
Hapimi kitu. Hutia kiwiko, hunusa, huguna.
Mimi nina kipimajoto. Nina daftari la mistari:
tarehe, uzito, joto, "ladha: karibu nzuri".
Alilifungua daftari, akalishika kichwa chini,
akasema, "Kumbe pombe yako inasoma shule."

Leo amekalia kile kiti,
tofali likishika zamu ya mguu.
Nimemmiminia kwenye kikombe cha chai, bilauri sina.
Povu likapanda, likafikiri, likashuka.
Alikunywa. Akaitazama redio. Akanywa tena.
"Ina haraka mwanzoni," akasema, "halafu inakumbuka kwao."
Kisha, nisije nikavimba kichwa:
"Lakini baridi! Nani anakunywa pombe ya baridi, chura?"
Na kikombe akakisogeza mbele, kitupu.

Kiti kinaningoja mimi. Redio inaningoja mimi.
Ndoo tu ndiyo hainingoji.
Nikiwa kazini, nikiwa usingizini, nikiwa nimenuna,
vidudu visivyoonekana vinakula utamu gizani,
havijui mwisho wa mwezi, havijui bosi,
na kila vinachokula vinakirudisha kikiwa furaha.
Sijawahi kumaliza kitu maishani mwangu
bila kitu hicho kunisaidia kujimaliza.

Jioni Oketcho alikuja kuchukua baiskeli yake.
Alikuja amekunja mikono ya shati, tayari kwa ugomvi.
Shangazi akampisha ukingoni mwa kiti,
mimi nikafungua ya tatu, taratibu, kizibo kikapumua.

Aliondoka kwa miguu giza likiingia,
chupa mbili kwapani,
akaniambia kutoka langoni
niendelee tu kuitazama.